Mkono wa Nani? Kuhusu Kuandika Tamthiliya ya Kasri la Elizabeth

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiandika tamthiliya kuhusu London ya miaka ya mwisho ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, yule aliyetawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603. Ni tamthiliya ya Kiswahili, ya waigizaji sita, na Shakespeare hatokei ndani yake isipokuwa kama mwandiko juu ya karatasi. Kila ninapomsimulia mtu habari hii, swali la kwanza ni lile lile: "Kwa hiyo utasema ukweli? Utasema kwamba siye yeye aliyeandika?"

Mwongozaji wetu naye anataka hivyo hivyo. Ana picha kamili kichwani. Usiku, kasri la Whitehall, lodi mwenye kola pana nyeupe anampa mwigizaji mlevi furushi la karatasi na mfuko wa sarafu, anamwambia jina lako ndilo litakaloandikwa, langu lisijulikane. Taa zinazimwa, watu wanakwenda mapumziko. Sikatai, onyesho hilo ni tamu. Lina siri, lina matabaka, lina mtu mkubwa aliyefungwa mdomo na ukubwa wake mwenyewe. Lakini nilipomwambia kwamba jambo hilo halikutokea, alinijibu kwa hoja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: "Kaka, hili ni jukwaa, siyo mahakama. Marehemu ana miaka mia nne ardhini. Unamdhulumu nani?"

Ni swali la haki kabisa, na nimelala nalo siku nyingi.

Kwanza habari ya huyo lodi, kwa ufupi. Kwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya Shakespeare kufariki mwaka 1616, hakukuwa na mjadala wa maana juu ya nani aliandika kazi zake. Mwaka 1857 Mmarekani Delia Bacon alitoa kitabu kizima cha kumtilia shaka. Mwaka 1920 mwalimu mmoja wa Uingereza, J. Thomas Looney, akamleta Edward de Vere, Lodi wa Oxford, mtu wa kasri, msomi, mshairi kiasi, mwenye madeni na ugomvi. Mwaka 2011 hadithi hiyo ikatengenezewa filamu, Anonymous, na ndipo mwongozaji wetu alipoipata. Tatizo ni kwamba de Vere alifariki Juni 1604, na tamthiliya kadhaa kubwa, Macbeth, King Lear, Tufani, wataalamu karibu wote wanaziweka baada ya hapo. Wanaomtetea husema aliziacha kabatini. Sawa. Kabati ni jibu la kila kitu.

Mimi kinachonigusa zaidi ni pale nadharia hii inapoanzia, kwa sababu haikuanzia kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Ilianzia kwenye mshangao. Baba yake Shakespeare alikuwa mtengeneza glavu katika mji mdogo wa Stratford. Kijana hakusoma chuo kikuu. Sasa mtu wa hivi hivi angewezaje kujua wafalme wanavyozungumza? Hebu lisikilize swali hilo vizuri. Linajifanya swali la historia, lakini ndani yake kuna dai: kwamba ujuzi wa mambo makubwa ni mali ya watu wakubwa, na mtoto wa fundi akionekana nao, ameuiba au kaazimwa. Ben Jonson alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi, yeye mwenyewe akashika matofali, hakumaliza chuo chochote, na alikuwa miongoni mwa watu waliosoma vitabu vingi kuliko wote London. Christopher Marlowe alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Canterbury. Hao hatuwatafutii lodi sana. Shakespeare kosa lake ni kwamba alipanda mno.

Na kuhusu kulijua kasri, jamani, watu hawa walikuwa wakiingia humo! Kila msimu wa Krismasi vikundi vya maigizo viliitwa kuchezea mbele ya malkia, Greenwich, Whitehall, Richmond, kwa malipo ya kawaida ya pauni 10 kwa onyesho. Hesabu za hazina za Machi 1595 zinawataja kwa majina William Kempe, William Shakespeare na Richard Burbage, waliolipwa kwa kuigiza mbele ya malkia Krismasi iliyotangulia. Hata nguo zilishuka kutoka juu. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi aliyefika London mwaka 1599, aliandika kwamba wakubwa walipokufa waliwaachia watumishi wao mavazi mazuri, na kwa kuwa haikufaa watumishi kuyavaa, waliyauza kwa waigizaji. Kwa hiyo mtu aliyeigiza lodi huenda alikuwa amevaa koti la lodi kwelikweli, lenye jasho la mwenyewe kwapani. Aliyebeba sinia husikia mengi kuliko aliyelishwa. Aliyekaa chini anamchunguza aliye juu kila siku kwa sababu riziki yake iko pale. Aliye juu hana haja ya kumchunguza yeyote.

Nilidhani hapo nimeshinda. Mwongozaji akanigeukia, na safari hii alinibana kweli: "Haya. Na Shakespeare mwenyewe alimfanya nini Richard wa Tatu?"

Alimfanya mabaya. Alimchukua mfalme aliyeuawa vitani mwaka 1485, akampa kibyongo, mkono uliokauka, na orodha ya mauaji ambayo mengine hayana ushahidi wowote, na akafanya hivyo chini ya mjukuu wa yule yule aliyemshinda Richard na kuchukua taji lake. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda, ndiyo, lakini mkono uliokauka haukuwepo. Mamilioni ya watu wanamjua Richard wa jukwaani, na huyo wa Leicester wanamjua wachache. Kama huo siyo udhalimu kwa marehemu, basi neno hilo halina maana. Na bado singependa tamthiliya hiyo ifutwe. Ningeanzaje basi kumwambia mwongozaji kwamba mimi siruhusiwi kufanya kwa mtoto wa mtengeneza glavu kile alichokifanya yeye kwa mfalme?

Nimezunguka na jambo hili, na nilipofika ni hapa, ingawa sina hakika kama kila mtu atanifuata. Kuna kumwekea marehemu maneno mdomoni, na kuna kumtoa marehemu kitu mkononi. La kwanza haliepukiki. Hatujui Elizabeth alimwambia nini mjakazi wake usiku ule meno yalipomuuma. Nikiandika tamthiliya lazima nibuni, na mtazamaji anajua nimebuni, huo ndio mkataba wetu. La pili ni tofauti. Kazi ya mtu ni kitu alichokifanya. Nikisema haikuwa yake, sijaongeza chochote kwenye maisha yake, nimepunguza, na nimempa mtu mwingine ambaye tayari alikuwa na majumba. Richard alisingiziwa tabia, na tabia ya mfalme itabishaniwa daima, ana wanahistoria, ana jumuiya nzima ya kumtetea. Mtu wa chini aliyeacha kazi tu, ukimnyang'anya hiyo kazi, kinabaki nini? Wosia wenye kitanda cha pili kwa ubora alichomwachia mkewe, na kesi mbili tatu za madeni.

Kuhusu nani anadhulumiwa, marehemu hasikii, nakubali. Lakini sisi tumepanga kupeleka onyesho hili shule za sekondari. Nawaza kijana aliyekaa safu ya tatu, baba yake fundi cherehani, yeye mwenyewe ana daftari la mashairi chini ya godoro. Tunamwonyesha kwa taa na muziki kwamba maneno mazuri kuliko yote ya lugha ile yaliandikwa na lodi kwa sababu mtoto wa fundi hakuweza. Mwongozaji anasema kijana huyo nimemtunga mimi. Inawezekana. Lakini kila shule ninayoijua ina wawili watatu wa namna hiyo.

Basi nikamkataa lodi. Tatizo likawa kwamba, nilipokwisha kumkataa, sikutaka pia kuandika ile hadithi nyingine, ya kipaji kimoja kilichokaa peke yake chumbani na mshumaa. Hiyo nayo si kweli, na inamnyang'anya mtu mwingine.

Waliokuwa wakiandikia majumba ya maigizo walifanya kazi kama mafundi wa jengo moja. Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose, aliacha daftari la hesabu ambalo kwangu ni kitabu cha kusisimua kuliko riwaya nyingi: kamkopesha fulani shilingi kadhaa, kamlipa fulani kwa sehemu yake ya tamthiliya, wanne wamegawana kitabu kimoja. Bei ya tamthiliya nzima mwishoni mwa miaka ya 1590 ilikuwa kama pauni 6. Ukishalipwa, kitabu ni cha kikundi. Mwandishi hakuwa na haki ya kukizuia kisichapishwe wala kisikatwe. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyomtambua mwandishi kama mwenye haki ni ya mwaka 1710. Titus Andronicus ilichapishwa 1594 bila jina la mtunzi, ila majina ya vikundi vilivyoiigiza yapo. Romeo na Juliet ya 1597 vile vile. Jina la Shakespeare lilianza kuonekana kwenye majalada ya tamthiliya mwaka 1598, wachapaji walipogundua kwamba linauza. Na mwaka 2016 wahariri wa toleo jipya la Oxford walimweka Marlowe kama mtunzi mwenza wa sehemu tatu za Henry wa Sita. Watu wengine walikasirika kana kwamba wameibiwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tusijifanye hatulijui hili. Ukisoma Mabepari wa Venisi, hilo neno "mabepari" ni la nani? Mwingereza aliandika mfanyabiashara. Nyerere, mwaka 1969, akaandika mabepari, na kwa neno moja akahamisha tamthiliya yote. Jalada lina majina mawili, na yanastahili yote mawili.

Kiini cha tamthiliya yangu ni hati moja iliyopo Maktaba ya Uingereza, tamthiliya iitwayo Sir Thomas More. Ilinakiliwa kwanza kwa mwandiko wa Anthony Munday. Kisha wakaingia wengine: Henry Chettle, Thomas Dekker, karibu hakika Thomas Heywood pia, kila mmoja na wino wake. Kuna kurasa tatu za mwandiko ambao wataalamu wanauita Mkono D, na wengi wao wanaamini ni wa Shakespeare, ambaye mwandiko wake mwingine usio na shaka ni saini sita tu. Kuna mnakili wa kikundi, Mkono C, aliyefika mahali ambapo mistari ya D ilikuwa imejivuruga, akaifuta na kuweka vijineno vyake vya kuunganishia. Fikiria ujasiri huo! Mtu ambaye hata jina lake hatuna alimrekebisha huyo anayeitwa mkubwa kuliko wote, kwa sababu kesho waigizaji walihitaji karatasi inayosomeka.

Na juu ya wote hao kuna mkono wa kasri. Edmund Tilney, Msimamizi wa Burudani za Malkia tangu 1579, ndiye aliyepaswa kuidhinisha kila tamthiliya kabla haijachezwa. Hati hii inaonyesha ghasia za Mei 1517, wakazi wa London walipowashambulia wageni kutoka ng'ambo. Kurasa za Mkono D ni pale More anapoukabili umati na kuuambia ujifikirie wenyewe ukiwa wageni kwenye nchi ya watu, bila mlango wa kugonga. Tilney aliagiza ghasia yote iondolewe. Hakuwa mjinga. London ya wakati wake ilikuwa na chuki hiyo hiyo dhidi ya Wafaransa na Waholanzi waliokimbilia pale, na mwaka 1593 mashairi ya kuwatishia yalibandikwa kwenye ukuta wa kanisa lao.

Nikiwa na karatasi hiyo mbele yangu, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kasri na jukwaa hawakuliuliza swali la "nani aliandika" kwa maana moja. Sisi tunaliuliza ili tumtukuze mtu. Kasri liliuliza ili lijue wa kumkamata. Mwaka 1579 John Stubbs aliandika kijitabu cha kupinga malkia asiolewe na mwana wa mfalme wa Ufaransa. Alikatwa mkono wa kulia hadharani, mkono ule ule ulioandika. Mchapishaji wake akakatwa pia. Mwaka 1597 tamthiliya moja iliyoitwa Isle of Dogs iliwaudhi wakubwa, Ben Jonson akatupwa gerezani, mwenzake Thomas Nashe akakimbia mji. Februari 1601 wafuasi wa Lodi wa Essex walikilipa kikundi cha Shakespeare shilingi 40 za nyongeza ili wacheze tamthiliya ya kuondolewa madarakani na kuuawa kwa Richard wa Pili. Siku iliyofuata Essex aliingia mitaani na uasi wake. Aliyeitwa kuhojiwa kwa niaba ya kikundi, kwa kumbukumbu zilizobaki, ni mwigizaji, Augustine Phillips. Yeye ndiye aliyekwenda kueleza. Kikundi hakikuadhibiwa, usiku wa kuamkia siku Essex anakatwa kichwa, walikuwa kasrini wakimchezea malkia.

Onyesho la Phillips nimeliandika mara nne. Mtu anajibia maneno ambayo hakuyatunga, lakini aliyasema kwa sauti yake mbele ya watu. Mwandishi ni nani pale? Naona kuna aina ya umiliki inayotoka kwenye kubeba hatari, na historia ya fasihi haijaupa jina.

Wengine walinishauri nimpe mwanamke kazi hizi. Mary Sidney, labda, au Emilia Lanier. Nia ni njema, na bado nimekataa, tena kwa nguvu zaidi. Mary Sidney alitafsiri tamthiliya ya Kifaransa na kuichapisha mwaka 1592 kwa jina lake, na baada ya kaka yake Philip kufariki mwaka 1586 aliikamilisha kazi waliyoianza ya kuzigeuza Zaburi kuwa mashairi. Emilia Lanier, binti wa mwanamuziki wa kasri, aliyewahi kuwa kimada wa Lodi Hunsdon, mlezi wa kikundi cha Shakespeare, alichapisha kitabu chake cha mashairi mwaka 1611, wakati karibu hakuna mwanamke Mwingereza aliyethubutu. Mwaka 1973 A. L. Rowse alitangaza kwamba ndiye mwanamke mweusi wa soneti za Shakespeare, na kwa miaka mingi watu wakamjua hivyo tu, kama mpenzi wa mtu. Sasa tumwambie tena kwamba kazi yake ya maana ni ile yenye jina la mwanamume? Mama wa watu aliandika kitabu chake. Kisomwe hicho.

Hayo yote nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani, mpaka mazoezini siku moja.

Katika tamthiliya yangu kuna mama Mfaransa, muuza lesi, niliyembuni. Umati unamwambia arudi kwao. Nilikuwa nimemwandikia jibu refu, lenye machozi. Dada anayemwigiza alilianza, akaliacha katikati, akamtazama yule kijana wa umati akasema: "Kwetu? Kwetu ndiko nilikotoka asubuhi hii kuja sokoni." Chumba kizima kikanyamaza. Nikafuta maneno yangu, nikaandika yake. Mstari huo ndio bora kuliko yote tuliyonayo, na umeandikwa kwa mwandiko wangu.

Wakati wa chai akaniuliza, kwa upole, huku akikoroga kikombe: "Mwalimu, ule mstari kwenye bango utakuwa wa nani?"

Mwongozaji akacheka, akasema ni mstari mmoja tu, mwigizaji mzuri huleta vitu, ndiyo kazi yake. Mimi nikasema tutaweka orodha ya shukrani. Yeye akasema hataki shukrani. Shukrani hupewa aliyetukopesha viti. Yeye ametunga. Nikamweleza habari za Henslowe, za kazi ya pamoja, za Mkono C aliyebaki bila jina na hakulalamika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza tumejuaje kwamba hakulalamika.

Sikuwa na jibu. Mwongozaji akajaribu njia nyingine: kama jina lako likiwekwa kama mtunzi, na mtu mwenye cheo akaudhika na ghasia hizi za wageni, wataanza na wewe. Dada akasema hilo alikwisha kulifikiria. "Wakija kuuliza nani kasema, si watu wote watakuwa wameniona mimi nikisema?"

Kwa hiyo bango sasa lina "Watunzi" kwa wingi, majina mawili, kwa herufi za ukubwa mmoja. Wengine wanne wameanza kuhesabu mistari yao, na mmoja anadai kikohozi. Mgawo wa hela za mlangoni hatujaufikia bado. Tumeuweka Jumamosi, baada ya mazoezi ya onyesho la Phillips.